Fimbo za Mke Mwenza

Likizo ile sikuweza kutulia. Nikikaa kwenye kigoda, mguu unacheza wenyewe. Nikilala, mikono inahesabu hewani. Mama alisema nimerudi kutoka chuoni na siafu mwilini, na hakukosea sana. Nilikuwa na kazi moja ya kumaliza kabla ya Jumapili kwisha, na kazi hiyo ilihitaji mtu mmoja tu wa kusimama mbele yangu na fimbo mbili mkononi. Kijijini kwetu Nyamwaga, karibu na mpaka wa Kenya, sikumpata.

Nasoma elimu ya viungo na michezo. Muhula ule tulikuwa na somo la michezo ya kujihami, na mhadhiri wetu, aliyewahi kusoma Ufilipino, alitufundisha arnis, mchezo wa jadi wa huko unaochezwa kwa fimbo. Kila mtu anashika mbili, fupi, urefu wa mkono. Mnatazamana, mnazigonganisha kwa mpangilio uitwao sinawali, ambao alituambia maana yake ni kusuka. Kulia juu, kushoto chini, kulia juu. Halafu kushoto juu, kulia chini, kushoto juu. Fimbo inakutana na fimbo, mwili hauguswi. Mtihani wenyewe ulikuwa video ya mimi na mwenzangu, bila kukatika, na masharti yalikuwa wazi: sauti ya fimbo isikike, na mtu mwingine asituongoze kwa maneno. Asiyetuma anarudia somo, yaani anabaki chuoni mwaka mwingine huku wenzake wanahitimu.

Kubaki nyuma ningevumilia. Nisingeweza kumvumilia baba akijua nimebaki nyuma. Yeye alitaka niwe nesi. Nilipochaguliwa kusoma michezo alisema, "Nani atamwajiri mtu wa kurukaruka?" kisha akanyamaza. Hakunifukuza, hakunigombeza. Tangu siku hiyo akiwa na neno na mimi alilipitisha kwa bibi, mama yake mzazi. "Mwambie mjukuu wako ndama wameingia migombani." Mimi nipo hapo hapo, nasikia kila kitu. Bibi ananigeukia bila haya, "Ndama wameingia migombani." Nilitamani baba anichape tu yaishe.

Fimbo nilizikata kwenye mpera wa nyuma ya choo, nikazikausha juu ya moshi wa jikoni. Nilianza kwa kupiga mgomba. Mgomba ni mvumilivu lakini haurudishi, na mama alipoona utomvu unachuruzika alinifukuza na fimbo zangu. Nikahamia uani, nikawa napiga hewa asubuhi na jioni, nikihesabu kwa sauti kama mwendawazimu. Kila nilipoanza, baba alinyanyuka alipokuwa, akaenda zizini na kunipa mgongo. Siku moja mzee wa jirani alisimama njiani akanitazama. Nikamwamkia shikamoo huku fimbo ziko juu. Hakuitikia. Alimwita baba.

"Mura, binti yako anagombana na nani?"

"Na hewa," baba akajibu.

Hilo ndilo neno refu kuliko yote alilolisema juu yangu wiki ile.

Mzee hakuwa na kosa. Kwetu fimbo si kitu cha kuchezea. Mwanamume anachunga nayo, anatembea nayo, anazeeka nayo. Kuiinua mbele ya mtu aliyekuzaa, hata kwa mzaha, ni kujitafutia laana. Mama nilipomwomba asimame nami dakika chache tu alishika mdomo. "Mwanangu aniinulie fimbo? Nimekukosea nini?" Vijana wa rika langu walicheka: wakinishinda ni aibu, nikiwashinda ni aibu zaidi. Nesi wa zahanati, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi, ndiye aliyekubali mara moja. Lakini mwenzake kazini akaugua, naye akapangiwa zamu mpaka Jumatatu. Nikarudi nyumbani nikipiga mateke kila jiwe lililokuwa njiani.

Jumamosi bibi alikuwa anapepeta ulezi. Nilipita mbele yake, nikarudi, nikapita tena.

"Wewe, mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Nikamweleza yote, kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyetunga mtihani.

"Na mimi umeniuliza?"

"Wewe ni bibi yangu."

Akaweka ungo chini. "Nani bibi yako? Mimi ni mke mwenzako."

Nilisimama nikamtazama. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa utani, na kwa hiyo yeye na bibi ni wake wenza. Tangu nikiwa mdogo bibi alinituhumu kumwibia mume, akanificha sukari kwa sababu hiyo. Babu alipofariki alinishika mkono akasema ametuacha wajane wawili. Basi, mtu hainui fimbo mbele ya mama yake, lakini wake wenza wakipigana, laana itoke wapi? Watu wataleta vigoda watazame.

Kwa fimbo alikuwa mbaya kupita kiasi. Juu alipiga chini, chini alipiga vidole vyangu, kisha akacheka mpaka akakaa. "Mwizi wa mume, toa mkono!" Nilimfokea. Akanipa ile ya haraka haraka haina baraka, nikamwambia haraka yangu ina mwisho wake kesho. Tulirudia mpaka mikono yake ikachoka, na hata mara moja hatukumaliza bila kukosea. Kwenye kona ya jicho nilimwona baba zizini, mgongo kama kawaida. Nikasema moyoni, leo afurahi, mtu wa kurukaruka ameshindwa hata kurukaruka.

Jumapili baada ya kanisa mama alishika simu atupige video. Mwanzo tu akacheka, picha ikawa ya miguu na kuku. Mara ya pili vivyo hivyo. Ndipo baba akatoka zizini, akanawa mikono, akanyoosha mkono. Mama akampa simu.

Tukaanza. Ta, ta, ta. Bibi alikuwa anakwenda vizuri, ulimi umebanwa kwenye meno, mpaka katikati alipoganda, mkono mmoja hewani, ameshasahau. Nilijua tumekwisha. Nyuma ya simu ikasikika sauti, ya polepole, ya mtu anayerudisha ng'ombe njiani.

"Kushoto chini, mama."

Bibi akashuka kushoto.

"Kulia juu. Sasa kushoto juu. Kulia chini. Kushoto juu."

Akaendelea kutuhesabia mpaka mwisho, wala hakukosea hata pigo moja. Zile siku zote alizonipa mgongo alikuwa ananisikiliza. Nilitaka kulia na sikuweza, fimbo za bibi zilikuwa zinakuja. Tulipomaliza baba alimpa bibi simu. "Mwambie imetosha," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Jioni nilipanda kilimani kutafuta mtandao. Simu ilinikaribisha Kenya kwanza, kama kawaida yake, kisha ikarudi Tanzania. Nikaitazama video. Sauti ya baba ilikuwa imejaa humo ndani, juu kuliko fimbo, na sharti lilikuwa lile lile: mtu mwingine asituongoze kwa maneno. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Jua lilikuwa bado lipo. Nikaanza kuteremka ili turudie. Bibi angekubali, alikuwa amenogewa. Ilibaki tu kumwambia baba kwamba safari hii ashike simu na asiseme neno.

Nikafika nusu ya njia, nikageuka, nikapanda tena. Baadaye mhadhiri alinikata alama kwa ajili ya sauti ile, nikafaulu kwa kupenya, lakini pale kilimani sikulijua hilo, na mwaka mzima wa kurudia somo ulikuwa mbele ya macho yangu. Nilichojua ni kwamba baba alikuwa amenyamaza likizo nzima, na mimi sikuwa tayari kumwambia anyamaze tena. Nikaituma hivyo hivyo.