Kiti cha Arlene

Arlene Hudak hakujaliwa kutulia. Akiketi kidogo tu, mguu unaanza kutikisika. Asipopangua kabati, atahamisha kochi. Marehemu mumewe alikuwa akirudi kutoka zamu na kujigonga kwenye meza ambayo asubuhi haikuwa pale.

Ajabu ni kwamba kiguu na njia huyu hakuwahi kuuhama mji wake. Alifungasha bilauri katika kiwanda cha vioo tangu usichana, na kila msimu wa baridi aliapa kwamba huo ndio wa mwisho. Ijumaa za Kwaresima, watu wakila samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa, hakukosekana wa kumuuliza, "Bado upo?" Ukumbi ukacheka, naye akacheka nao, huku moyoni kunamchoma.

Kiwanda kilipofungwa, dada yake Jolene akamtafutia kazi ya jikoni katika shule moja ya Arizona. Safari hii Arlene akakata shauri kweli. Alimrudishia mwenye nyumba ufunguo, na alichobaki kukiogopa ni nafsi yake mwenyewe. Alijua akigeuza gari njiani, hata kwa birika aliyoisahau, hatatoka tena.

Usiku wa kuamkia safari theluji ikamwagika bila huruma. Asubuhi Wendell Sipos, jirani wa ng'ambo ya barabara, akaja na sepetu yake na goti lake bovu kumsaidia kufukua gari. Mtaani kwao aliyeifukua nafasi ya kuegesha gari barabarani ndiye mwenyewe mpaka theluji iyeyuke: akitoka, anaacha kiti katikati ya nafasi ile, wala hakuna wa kukigusa.

"Tuagane leo," Wendell akauliza, "au tungoje ile ya mwakani?"

"Cheka tu, mzee. Utanikumbuka."

"Nitakumbuka kelele za kochi."

Machozi yalikuwa yakimlengalenga Wendell, akasingizia baridi, akaingia ndani kabla gari halijaondoka.

Arlene aliendesha bila kusimama mpaka alipoingia jimbo la Ohio. Kwenye kituo cha mafuta, aliposhika mpini wa pampu, ubaridi wa chuma ukamkumbusha alichokishika asubuhi. Asubuhi alilitoa gari, akashuka, akachukua kiti cha jikoni alichokuwa amewaachia wazoa taka kando ya njia, akakiweka katikati ya nafasi yake, vilevile kama siku zote za kwenda kazini. Kisha ndipo akahama.

Alicheka peke yake hadi mwenye gari la nyuma akamtazama. Akaingia garini, akampigia Wendell.

"Kuna kiti barabarani."

"Nakiona. Mtaa mzima unakiona. Wanasema umekwenda dukani."

"Kiondoe basi, uweke gari lako. Goti lenyewe hilo, usifukue tena."

"Cha mtu hakiguswi, Arlene. Unalijua hilo kuliko mimi. Rudi ukiondoe mwenyewe, ule chakula cha mchana, uondoke kesho."

Kesho. Neno hilo lilimwingia tamu kama supu ya moto. Aliona jiko la Wendell, akaona ukumbi wa kanisa, na vichwa vikigeuka kumuuliza kama bado yupo. Mguu wake ulikuwa ukitikisika juu ya breki.

"Mwenyewe si anaweza kumpa mtu?" akauliza.

"Anaweza."

"Basi nimekupa. Kiti na nafasi."

"Nikikichukua, utakuwa umeondoka kweli."

"Najua. Kichukue, Wendell. Nataka nisikie."

Akasikia mlango ukifunguka, na mabuti yakivuka barabara polepole, moja likiburutwa. Kisha ikaja sauti ya miguu ya kiti ikibanduka kwenye barafu. Ilikuwa imeganda, Wendell alilazimika kuivuta mara mbili. Arlene alilia kwa sauti, wala hakuona haya, na mkono wake ukawasha gari.