Gitaa la Pili la Dereva Wafula

"Unasikia nini?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini, na sikuweza kulijibu. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya duka la hedifoni na amplifaya pale Malaba, hatua chache kutoka foleni ya matrela yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Mzee Ikapel, mwenye duka na fundi wake mkuu, alikuwa amenivisha hedifoni nzito, akawasha amplifaya, akazungusha kitufe cha sauti hadi katikati. Muziki hakuweka.

"Sisikii kitu, mzee."

"Umesoma fizikia miaka mingapi?"

"Minne."

"Na husikii kitu. Haya, vua. Kunywa chai kwanza."

Ilinichukua wiki tatu kusikia alichotaka nisikie. Kulikuwa na mchakacho mwembamba, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango. Ni sauti ya amplifaya yenyewe, kabla haijapewa kazi yoyote. Amplifaya nzuri hunyamaza kabisa wakati haina la kusema, na mteja anayelipa pesa nyingi hulipia pia kimya hicho. Tangu siku nilipousikia mchakacho ule, Mzee Ikapel akaacha kuniita "wewe msichana" akaanza kuniita Fizikia.

Najua mtu wa miaka thelathini na mbili hana haki ya kuzungumza kama mstaafu. Lakini kazi hiyo niliiacha, na wanaoianza sasa huniuliza ilivyokuwa ikifanywa, kwa hiyo nitawaeleza.

Ilianza hivi: mteja alichagua hedifoni kwanza, amplifaya baadaye. Wengi walifanya kinyume. Walinunua amplifaya kubwa kama tofali, halafu wakatafuta cha kuchomeka. Sisi tulianza na kichwa cha mtu, masikio yake na mahali atakaposikilizia. Hedifoni ya mgongo wazi ina matundu nyuma ya vikombe vyake. Sauti yake ni pana, kama mtu aliyeketi sebuleni na bendi, ila inavuja, na aliye karibu husikia kila kitu. Hiyo haifai ndani ya kabini ya trela injini za jirani zikinguruma. Dereva tulimpa ya mgongo uliofungwa.

Halafu kuna omu, kipimo cha ukaidi wa hedifoni mbele ya umeme. Ya omu thelathini na mbili hata simu huimudu. Ya omu mia tatu inataka amplifaya inayosukuma, la sivyo ngoma hulegea na mwimbaji husikika kama amesimama nyuma ya pazia. Kwa hiyo mtu akipanda daraja kwenye hedifoni, mara nyingi hulazimika kupanda na kwenye amplifaya. Hapo ndipo duka hupata chakula chake, na hapo ndipo mimi nilipoanza kuuliza maswali.

Nilihoji kila kitu. Mzee Ikapel aliuza nyaya za shaba zilizosukwa, akisema zinang'arisha sauti za juu. Nikamfunga macho kwa leso, nikawa nabadilisha waya wa bei kubwa na ule uliokuja na hedifoni, mara kumi. Alipatia mara nne.

"Hata kuku angepata tano," nilimwambia.

Alicheka mpaka akashika meza. Kesho yake nyaya zile hazikuwa tena kwenye kabati la kioo, na droo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ZA FIZIKIA, SIO ZA KUUZA.

Lakini naye alinipata. Alinisikilizisha amplifaya mbili, nikaisifu ya pili kwa dakika nzima: besi imeshiba, gitaa limekaribia. Akanionyesha kitufe. Alikuwa ameipandisha sauti kidogo tu. "Sikio ni kama mtoto," alisema. "Ukimpa kubwa anafikiri umempa nzuri." Tangu hapo sikulinganisha vitu viwili kabla ya kuvipima kwa mita ili viwe na sauti sawa. Kupima kukawa ndiyo kazi yangu. Kila amplifaya iliyouzwa niliipima kushoto na kulia, nikajaza kadi, nikatia saini. Kisha mzee aliipeleka chumba cha nyuma, akaifuta vumbi, akamkabidhi mteja kwa mkono wake. Hakutaka mtu mwingine akabidhi.

Mwaka wa pili nilipelekwa duka letu la Busia kwa miezi sita. Meneja wa huko alikuwa mama mkali aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Wateja wa Busia walikuwa wachungaji, mawakala wa forodha na wafanyabiashara kutoka upande wa pili walioniita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda. Meneja alikuwa na amri moja: mteja asikilize nyimbo tatu alizozileta mwenyewe. "Ukimwekea wimbo wako," alisema, "anakununulia wewe, hajinunulii yeye. Atairudisha Jumatatu." Sijawahi kupata hoja ya kuipinga amri hiyo, na nilijaribu.

Niliporudi Malaba nilimkuta Wafula.

Wafula alikuwa dereva wa trela kwa miaka ishirini na sita, Mombasa hadi Kampala, wakati mwingine hadi Kigali. Mtu mnene, mpole, anayenukia sabuni hata baada ya siku tatu barabarani. Alipenda rumba ya zamani, ile yenye magitaa mawili yanayojibizana, moja sikio la kushoto, jingine la kulia. Alikuwa na amplifaya ndogo aliyoinunua kwetu kabla mimi sijaajiriwa, inayotumia umeme wa gari. Sasa alitaka kupanda daraja: hedifoni za omu mia tatu za kusikilizia nyumbani kwake Nambale.

Hesabu ilikuwa wazi. Amplifaya yake isingeweza kuzisukuma. Nikamwambia abadilishe zote mbili. Mzee Ikapel akaingilia kati.

"Hiyo amplifaya yake usiiguse. Hiyo ni nzuri kuliko zote humu."

"Mzee, ni ya bei ya chini kuliko zote humu."

"Nimesema usiiguse."

Sikumwelewa. Nilidhani ni uzee, au ukaidi wa fundi anayependa kitu alichokiuza zamani. Basi siku moja mzee alipokwenda Amukura kwenye mazishi, na Wafula akaingia na madereva wenzake wawili, nilimkalisha kwenye kiti, nikamvisha hedifoni mpya, nikamwashia amplifaya yetu kubwa ya maonyesho.

Akasikiliza. Akakunja uso.

"Gitaa la pili halipo."

"Lipi?"

"La kulia. Kwa gari yangu liko, tena linalia vizuri. Hapa halipo. Madam, mashine yenu ni mbovu."

Nikampa hedifoni nyingine. Vile vile. Nikampa ya tatu. Vile vile. Wenzake wakaanza kutabasamu. Nilikuwa nimeipima amplifaya ile asubuhi hiyo hiyo, na pande zake zilikuwa sawa. Kwa hiyo nilifanya lile ambalo mtu yeyote aliyefundishwa kufikiri angelifanya. Nikazigeuza hedifoni kichwani mwake, kikombe cha kulia kikaenda kushoto na cha kushoto kikaja kulia.

"Sasa?"

"Bado. Kulia iko chini."

"Kama hedifoni zingekuwa mbovu, ubovu ungehamia kushoto," nilisema, na nakumbuka nilivyofurahi. "Haujahama. Basi si hedifoni. Ni sikio lako."

Kisha mmoja wa wale wawili akapiga paja.

"Wafula kiziwi! Ndio maana nilimpigia honi kutoka Webuye mpaka Bungoma!"

"Mwambie boss wake ampatie kengele ya ng'ombe!"

Wafula alizivua hedifoni taratibu, akaziweka mezani kama mtu anayeweka yai. "Asante, madam," alisema, akatoka.

Mzee Ikapel alirudi kesho yake, na habari alikuwa amezipata kwenye foleni kabla hajafika dukani. Kampuni ya Wafula ilikuwa na watu wa kupeleka maneno. Dereva anayesemwa hasikii huteremshwa garini kwanza, maswali baadaye, na Wafula alikuwa na watoto wawili chuoni.

"Nilikuwa sahihi," nilimwambia mzee.

"Ndiyo."

"Sasa kosa langu ni lipi? Kama sikio lina shida, si heri ajue? Si heri apimwe?"

"Ulikuwa sahihi mbele ya watu," alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Funga duka. Nenda ukamtafute."

Nilitembea kando ya foleni kuelekea Amagoro, trela baada ya trela, nikiuliza. Jua lilikuwa kali na madereva walikuwa na nafasi ya kunichezea.

"Wewe ni bibi yake ama ni polisi?"

"Ni wa dukani."

"Oh, ni yule daktari wa masikio! Kuja unipime na mimi, madam!"

Nilimpata karibu mwisho wa foleni, akichemsha chai kando ya gurudumu. Nilisimama upande wake wa kulia, nikaanza kuomba msamaha. Akaniashiria kwa kikombe nihamie kushoto.

"Nilijua," alisema nilipomaliza. "Nani hajui sikio lake? Miaka ishirini na sita dirisha liko wazi upande huu, upepo, injini, honi. Nyumbani mama watoto anakaa kushoto kwangu, hata kanisani. Hatujawahi kuongea juu yake. Nilikuwa na duka moja tu duniani ambapo naweza kulaumu mashine."

Nilichuchumaa pale aliponionyesha.

"Lakini kwa gari gitaa linasikika," aliongeza. "Sijui ni kwa nini. Niliamua sitauliza."

Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza mimi, niliyekuwa nikiuliza kila kitu. Sikuuliza. Nilijipa jibu mwenyewe: mazoea. Amesikiliza nyimbo hizo mara elfu ndani ya kabini ile, kwa hiyo ubongo wake unajaza pengo. Niliwahi kusoma juu ya mambo hayo, na maelezo yakakaa vizuri kichwani. Nilikuwa na nadharia, sikuwa na bisibisi.

Nilimwomba tu aende hospitali kabla maneno hayajamtangulia. Alikwenda Busia wiki hiyo, nami nilimsindikiza. Mpimaji alimweleza kwamba sikio la kulia limepoteza sauti za juu na halitazirudisha, la kushoto ni zima, na kwamba anaweza kuendelea na kazi ikiwa atafunga dirisha na kupimwa kila mwaka. Wafula aliichukua karatasi ile akaipeleka ofisini kwao mwenyewe, kabla hajaitwa. Hawakumteremsha. Aliendesha miaka mitatu zaidi, mpaka siku aliyochagua yeye. Hedifoni za omu mia tatu hakununua. Alikuja tu kunywa chai, na mimi nikajifunza kuketi kushoto kwake.

Niliiacha kazi baada ya miaka minne nikaenda kufundisha fizikia. Mzee Ikapel aliuza duka mwaka uliofuata, akarudi Amukura kwenye mihogo yake. Watu hununua hedifoni zisizo na waya siku hizi, zenye amplifaya ndogo kama punje ya mchele ndani yake, na sioni aibu kusema nyingi ni nzuri. Ninachokikumbuka kwa upendo si vyombo. Ni kile kiti cha plastiki, mtu mzima amefumba macho saa tano asubuhi, na watu wengine wote dukani wakinyamaza ili yeye asikie. Ukiniuliza kama sauti ya bei kubwa ni bora kuliko ya bei ya wastani, nitakujibu: kidogo, baada ya hapo kidogo zaidi, na baada ya hapo unamlipa seremala aliyetengeneza boksi.

Mwaka huu Wafula alikuja shuleni na amplifaya yake ndani ya mfuko wa sukari. Haikuwa ikiwaka. Niliifungua kwenye meza ya maabara, nikaona ni swichi tu imekatika. Kisha nikaona kitu kingine. Kwenye njia ya kushoto, na kushoto pekee, palikuwa na rezista ndogo, kipande kinachopunguza nguvu ya umeme, iliyolehemiwa kwa mkono. Haikuwa kazi ya kiwandani. Tone la risasi lilikuwa la mviringo, safi, kama alivyolehemu mtu mmoja tu niliyemjua. Upande wa sikio zima ulikuwa umeshushwa hadi ukalingana na ule mwingine, na gitaa la pili likarudi mahali pake.

Nilibadilisha swichi, nikafunga boksi, nikampa Wafula. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa furaha. Alipoondoka nilimpigia simu Mzee Ikapel.

"Mzee, kuna rezista ndani ya amplifaya ya Wafula."

"Umeitoa?"

"Sijaitoa."

"Vizuri, Fizikia."

"Ulijuaje?"

"Nilimwekea sauti ya mtu mmoja anaimba, nikamwambia anionyeshe kwa kidole mwimbaji amesimama wapi. Akaonyesha huku kushoto, mbali kabisa na katikati. Si ngumu."

"Na hukumwambia."

"Hakuniuliza."

Kisha nikauliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza miaka yote ile nikiwa nimesimama nje ya chumba cha nyuma na mita yangu mkononi. Nilimuuliza ni madereva wangapi aliowawekea rezista kama hiyo. Alihesabu kwa sauti, jina baada ya jina, wa Mombasa, wa Eldoret, wa Jinja, na nikawatambua karibu wote. Walifika ishirini na watatu. Kumi na tisa kati yao walinunua amplifaya zao nikiwa mimi pale, na kwenye kadi ya kila mmoja niliandika kwamba pande mbili ziko sawa, nikatia saini.