Mume wa Mwanahawa Alipokuja Kutazama Roketi

Usinicheke kabla sijamaliza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, alasiri, nikiwa na akili zangu timamu, katika mkahawa wa halali hapa Sanyuanli, Guangzhou.

Televisheni ilionyesha roketi ikiandaliwa kwenye kituo cha Wachina kisiwani Hainan. Kijana mwenye ovaroli ya buluu akaketi karibu yangu.

"Nao wameshuka kusini, kando ya bahari," akasema kwa Kiswahili cha kwetu Ngomeni, upande wa Malindi. "Kama sisi."

Majukwaa yale ya chuma baharini kwetu Ngomeni, ambako Waitaliano walirushia roketi, mimi nimepata akili yameshanyamaza. Nikamuuliza, kwa nini baharini? Akazungusha kisahani mezani. Karibu na ikweta, alisema, dunia huzunguka kwa kasi zaidi, basi roketi hupata msukumo wa bure. Na vipande vikianguka, huangukia maji, si paa la mtu.

"Umeyajulia wapi?"

"Nikiendesha boti ya wafanyakazi pale, mwanangu."

Mwanangu? Hakufika miaka thelathini, na roketi ya mwisho pale iliruka nikiwa mtoto mdogo. Amini usiamini, aliziba masikio kabla moshi haujaonekana kwenye televisheni.

Kisha akasema, "Ukiongea na nyumbani, mwambie Mwanahawa wa Fumo akae eda ya mjane. Boti ilizama. Fumo harudi."

"Salamu zitafika," nikajibu, kama tunavyojibiana wafanyabiashara kila siku, macho yangu kwenye roketi. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu, kimelowa. Nikagusa, nikaonja. Chumvi.

Wewe ungepiga simu siku ile ile, sivyo? Mimi nilikwenda soko la Zhongda kutafuta vitambaa. Zikapita siku tisa.

Ndipo nikampigia shangazi, nikamtajia jina hilo.

"Mwanahawa tumemzika juzi," akasema. "Miaka yote hii tunamwambia akae eda, anatujibu mume wangu yuko kazini. Hata siku ya mwisho aliuliza kama kuna aliyeleta salamu."

Nikakata simu.

Tangu hapo, kila roketi inaporushwa Hainan, naenda mkahawa ule na kukaa meza ile ile. Nina maswali. Alifikaje China? Kwa nini mimi? Hajarudi.

Ndugu yangu, salamu ni amana. Ukipewa, zifikishe kabla hujanawa mikono. Hujui anayezisubiri amebakiza siku ngapi.