Bili ya Mama Pacha

Kaka yangu alikuwa mtoza bili wa kikosi cha zimamoto. Watu wakisikia hivyo hucheka, maana zimamoto wanamjua wa kofia na mpira wa maji, si wa kalamu. Lakini kazi ipo. Mtu akipiga simu ya uongo, gari likatoka mbio na king'ora chake, wanaume wazima wakavaa makoti mazito kukimbilia moto usiokuwepo, gharama hiyo ni ya umma na lazima irudi. Kaka ndiye aliyewaendea watu hao milangoni, begi kwapani, shati limepigwa pasi hadi unaogopa kumkumbatia.

Alianza vizuri, nisimnyime haki yake. Kulikuwa na hoteli moja ambayo kengele yake ya moto ililia kila mpishi alipounguza kitunguu, na meneja hakuona sababu ya kuitengeneza maana kuita zimamoto kulikuwa bure. Kaka alimpelekea bili mfululizo mpaka fundi akaitwa. Kulikuwa pia na vijana waliozoea kulituma gari kwenye ghala tupu ili wapate kucheka. Siku moja wakati wanacheka, nyumba ya upande wa pili wa mji iliteketea. Kaka aliwasaka akawapata, na baba zao wakalipa. Mkuu wake akamsifu mbele ya wafanyakazi wote, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Fomu ya bili ilikuwa na kisanduku kidogo chini kabisa: "Alipiga kwa nia njema." Afisa akiweka tiki hapo, bili inafutwa. Waliotunga sheria walijua kwamba mtu anaweza kuona moshi, akaogopa, akakosea. Kaka mwenyewe ndiye aliyenionyesha, akinywa chai sebuleni kwangu, akasema waongo wote wangejificha ndani ya kisanduku hicho kama angewaachia. Basi kalamu yake haikukigusa.

Jirani yetu Mama Pacha alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mumewe alikufa, akabaki na mabinti wawili pacha na cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme. Siku moja aliona moshi mzito mweusi ukitoka nyuma ya ukuta wa shule, wakati wa masomo. Alipiga simu huku analia. Gari likaja, likakuta mlinzi wa shule anachoma magodoro mabovu.

Watoto walifurahi sana kuona gari. Kaka hakufurahi. Nilimwambia, "Kaka, huyu ni jirani. Weka tiki, yaishe."

"Ndiyo maana siweki," akanijibu. "Nikimsamehe huyu, mtaa mzima utasema napendelea wa nyumbani."

Alitaka kuonekana msafi, na usafi wake akaulipisha wengine. Mama Pacha aliipokea bili kwa mikono miwili, akaomba alipe kidogo kidogo. Hakugomba. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi alikuwa akimletea kaka fedha zilizokunjwa ndani ya kipande cha kitambaa cha sare, na kaka akimwandikia risiti.

Mtaa ukajifunza somo lake. Watu waliacha kupiga simu, wakaanza kumwita kaka. Chungu kikiungua, waya ukitoa cheche, mtu akinusa harufu asiyoijua, mtoto anatumwa mlangoni kwake: njoo uangalie kwanza kama huu ni moto wa kupigia simu. Naye, badala ya kuwafukuza, alikuwa anakwenda! Anasimama jikoni kwa watu, mikono nyuma, anatikisa kichwa. "Hapana, huu si wa simu." Alikipenda kile cheo ambacho hakuna aliyempa. Wengine tulimtania tukimwita Daktari wa Moshi, naye akitabasamu.

Jumamosi moja mchana alikuwa barazani kwangu anasikiliza mpira redioni. Pacha mmoja akaja mbio, pekupeku.

"Shikamoo baba mdogo. Mama anasema uje uangalie moshi, kama tupige simu."

"Marahaba. Moshi wa rangi gani?"

"Sijui. Mweupe. Unatoka darini."

"Mmeona ndimi za moto?"

"Bado."

"Haya, naja." Akainama kuvaa viatu. Viatu vya kamba. Alizifunga zote mbili, akachomekea shati, maana hakuweza kwenda kwa watu ovyoovyo. Mtoto alisimama pale akimsubiri kwa adabu.

Tulipokata kona, dari lilikuwa limeshaanguka upande mmoja. Kaka ndiye aliyepiga simu, na ikabidi arudie mtaa wake mwenyewe mara mbili ndipo wakamwelewa. Gari lilifika upesi, maana kituo hakiko mbali. Mama Pacha alikuwa ameingia ndani kuokoa cherehani ya umeme, ambayo ndiyo iliyomlisha. Chuma chake kilikuwa kimepata moto. Hakukiachia mpaka alipofika nacho nje.

Kiongozi wa zimamoto alivua kofia, akajifuta jasho, akasema, "Mngetuita mapema kidogo tu." Hakumsema mtu. Kaka alikaa chini palepale kwenye matope, na suruali yake ya pasi.

Wiki zilizofuata alikonda. Alikuwa akija kwangu, nampakulia, anakigeuzageuza chakula na kukiacha. "Nilifunga kamba," ananiambia. "Dada, nilikaa nikafunga kamba." Kusema kweli, sikutaka kumfariji.

Mwisho wa mwezi nilikuwa ofisini kwake, nimempelekea chakula cha mchana, mlango ukasukumwa kwa bega. Mama Pacha aliingia na yule binti aliyemsubiri kaka avae viatu. Mikono ya mama ilikuwa imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Binti akatoa kitambaa cha sare, kimeungua pembe, akakifungua juu ya meza.

"Ya mwisho hiyo," Mama Pacha alisema.

"Mama Pacha, tafadhali. Acha."

"Andika risiti, baba. Sitaki kudaiwa."

Kaka akaandika. Alikosea, ikabidi achane karatasi na kuanza upya. Binti akaipokea, akaisoma, akauliza kwa sauti ndogo, "Baba mdogo, tukiona moshi tena, tukuite wewe kwanza?"

"Hapana. Pigeni simu. Palepale."

"Hata kama hatuna hakika?"

"Hata kama hamna hakika."

"Na bili?"

Kaka alinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumjibia. Kisha akainamisha macho mezani. "Aliyepiga kwa nia njema halipi," akasema.

Mama Pacha akageuka. "Tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Angesema sheria imebadilika juzi, na yule mama angeamini.

"Tangu zamani," kaka alisema.

Mama Pacha aliitazama risiti mkononi mwa mwanawe, akaitazama mikono yake mwenyewe. Alikwenda hadi mlangoni, akasimama akiutazama ule mlango, akisubiri mtoto aje amfungulie.