Jibu la Alhamisi

Mkisikia watu wa Uvira wananiita "Alhamisi", msidhani nilizaliwa siku hiyo, maana nilizaliwa Jumapili na marehemu mama alikuwa anajivunia sana jambo hilo. Jina nililipatia mbele ya ubao, chaki mkononi, mbele ya wazee watatu walioshuka kwa miguu toka Lemera kuja kuona ni kichwa cha namna gani kinataka kuoa binti yao, na kichwa wakakiona, wakakiona vizuri kabisa. Miaka mingi nikisikia mtu anaanza kuisimulia habari hii ninatoka nje kama mwenye haja. Leo nitaisimulia mwenyewe, angalau chumvi niitie kwa mkono wangu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Uhuru ulikuwa umetuletea bendera, hotuba, na makarani wengi wanaovaa tai kwenye jua la saa saba, na minye nilikuwa mmoja wao, karani katika duka la Mgiriki mmoja karibu na ziwa. Kila Jumamosi lori lilishuka toka Bukavu kupitia bonde la Ruzizi, likaleta chumvi, sabuni, na furushi la magazeti. (Lilikuwa gazeti la kila siku, ila sisi lilitufikia kila wiki, siku zote zimefungwa pamoja kwa kamba sawa kuni.) Habari za siasa tuliziruka. Sisi tulikwenda moja kwa moja ukurasa wa nyuma, kwenye mo kwaze, lile fumbo la vijumba vyeupe na vyeusi, ambapo unaulizwa neno, unalitafuta kwa Kifaransa, unaliandika herufi moja katika kila kijumba. Mtu aliyejua mo kwaze Uvira ile alisalimiwa kwa kuvuliwa kofia, hata kama nyumbani kwake mvua inanyesha ndani.

Wapenzi wa fumbo tulikuwa wanne. Kiongozi alikuwa Papa Nathanaeli, mwalimu mkuu, mtu wa miwani na suruali yenye mkunjo. Binti yake Rusi alifundisha watoto wa darasa la kwanza. Kisha Byamungu, infirmier, yaani muuguzi, mcheshi asiyejua kuona haya. Na minye. Tulikuwa na gazeti moja tu, kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa Papa alichora vijumba ubaoni, Rusi akasoma maulizo, na kila mtu akasimama na kujaza neno alilolijua.

Shida ilikuwa moja. Majibu ya fumbo la leo yalitoka katika gazeti la kesho, na kwetu leo na kesho vilifika ndani ya furushi moja! Basi Papa akatunga sheria: mwenye kupokea furushi dukani, yaani minye, achukue gazeti linalofuata, aukunje ukurasa wa majibu bila kuutazama, aushone kwa uzi mweupe kuzunguka kingo zote, na Jumapili aulete hivyo hivyo. Fumbo likiisha, Papa atakata uzi kwa wembe mbele ya wote. Bila kuutazama, eti! Lakini nilikuwa naimba kwaya, wakaniamini.

Nilianza na neno moja. Jumamosi moja nilijaribu fumbo peke yangu dukani, likanishinda neno moja tu, nikafungua pembe ya ukurasa nikachungulia, nikashona. Nani amekufa? Juma lililofuata yalikuwa maneno mawili. Baada ya miezi michache nilikuwa ninaumeza ukurasa mzima kama dawa ya minyoo, kisha ninashona vizuri kuliko fundi wa nguo, na Jumapili ninasimama ubaoni ninakunja uso kidogo (lazima ukunje uso) halafu ninaandika. Byamungu, ambaye kila Jumapili aliacha nusu ya vijumba vyake vitupu akicheka, ndiye aliyeniita Diksyonere, yaani kamusi. Jina likanikaa. Hata kutembea nilianza kutembea polepole, maana kitabu kizito hakikimbizwi.

Rusi hakuniita Diksyonere hata mara moja. Alikuwa ananitazama tu, chaki mkononi, na minye nikaona ni mapenzi. Kijana anayejipenda akitazamwa hana tafsiri nyingine. Nami nilimpenda kweli, hilo msilicheke. Nikiona vumbi la chaki kwenye kitenge chake, juma zima moyo ulikuwa mweupe. Nikaenda kwa Papa Nathanaeli nikamposa.

"Kwangu hakuna shida, mwanangu," Papa akasema. "Lakini mukubwa wangu, Mzee Yakobo, iko kule Lemera. Yeye njo anasemaka neno ya mwisho mu jamaa. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, hata minye nitanyamaza. Jumapili anashuka na wazee wawili. Tutamuonesha akili yako kwenye ubao."

Kwenye ubao! Nusura nimkumbatie. Kijana mwingine anapimwa kwa kulima, kwa ukoo, kwa tabia, minye ninapimwa kwa kitu ambacho majibu yake ninayashona mwenyewe.

Juma lile ndilo bonde lilichafuka. Waasi walikuwa wameanza kuonekana, watu wa Mutarule walikuwa wanafika mjini na magodoro kichwani, njia zilijaa vizuizi, na kila nyumba ilikuwa inahesabu sufuria za kukimbia nazo. Minye nilikuwa ninafikiri tai ipi inapatana na koti. Lori likafika Jumamosi jioni bila kioo cha mbele, na dereva akanitupia furushi lililokonda.

"Karani, sikia, ya Jumanne na ya Jumatano zilibaki Kiringye," akasema. "Vijana wa kizuizi walizikamata, wanakunjia tumbaku."

"Aksanti, aksanti," nikamwambia, kama unavyomwambia mlevi. Nikachukua yaliyobaki, la chini likiwa na fumbo, lililofuata juu yake likiwa na majibu. Nikatazama tu kama vijumba vyeusi vya huku vinafanana na vya kule, vikafanana sawasawa. Maulizo sikuyasoma, siku nyingi nilikuwa nimeacha kuyasoma. Tajiri hasomi bei. Nikakaa katikati ya magunia ya chumvi nikameza maneno yote, moja kwa moja, mlalo na wima, nikashona, nikapiga koti pasi.

Jumapili darasa lilijaa. Pasta alikuwepo, mama mwenyewe alikuwepo na kitambaa kipya, hata watu waliokimbia bonde walichungulia madirishani, maana mkimbizi naye anahitaji kucheka, na Mungu alikuwa amewaandalia. Mzee Yakobo, mtu mrefu, mfugaji, aliketi kwenye kibao cha watoto, magoti yamefika kifuani, fimbo katikati.

"Muchezo hii njo nini?" akauliza.

"Gazeti inauliza, mutu anajibu," Papa akamwelezea.

"Aa. Muzuri."

Rusi akainuka na gazeti asome ulizo la kwanza. Sasa ndugu zangu, hapo ningenyamaza tu. Ningengoja asome, ningesikia ulizo, labda akili ingenigonga. Lakini Diksyonere akainua mkono kama askofu.

"Mademoiselle, usijichokeshe," nikasema. "Maulizo utasoma kiisha."

Minong'ono ikapita darasani. Rusi akanitazama, akashusha gazeti polepole, akaketi. Nami nikaanza kuandika. Niliandika mlalo, nikaandika wima, chaki ikawa inalia, sikufuta hata herufi moja, na kila neno liliingia katika vijumba vyake kama mguu katika kiatu chake. Nilipoweka herufi ya mwisho watu wakapiga makofi, mama akapiga vigelegele, mzee mmoja wa Lemera akasema kijana huyu hata ng'ombe apunguziwe.

"Sasa binti asome," akasema Mzee Yakobo, "na sisi tusiosoma tuelewe."

Rusi akasimama. Akasoma kwa Kiswahili, kwa ajili ya wageni. "Mlalo, ya kwanza. Mto wa Misri, herufi tatu."

Na ubaoni, kwa mwandiko wangu mzuri wa duka, paliandikwa âne. Yaani punda.

Papa Nathanaeli akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Punda alikuwa bado yupo.

"Ee," nikasema, na jasho la kwanza likashuka mgongoni, "hii... hii iko ya maana ya ndani. Misri punda wanakunywa wapi? Si kwenye mto?"

Pasta akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayetaka kusaidia. Rusi akaendelea, sauti haikutikisika. "Ya pili. Mama ya Isaka, herufi ine."

Ubaoni: oeuf. Yai.

"Mama anazaa," nikasema upesi, "na yai... yai nayo njo mwanzo wa kuzaa."

"Sara ni yai?" pasta akauliza, na sasa hakuwa anataka kusaidia tena.

"Ya tatu. Kiti ya mufalme, herufi tano."

Ubaoni: savon. Byamungu alikuwa ameingiza leso yote mdomoni, mabega yanaruka. Nikawaambia (aibu hii nitaibeba mpaka kaburini) kwamba tangu uhuru hakuna wafalme tena, kwa hiyo kiti chao kinateleza, kwa hiyo sabuni. Dirishani mkimbizi mmoja wa Mutarule akaangua kicheko mpaka godoro likamwanguka.

Mzee Yakobo akapiga fimbo chini mara moja.

"Kijana," akasema, "minye sikusoma, unisamehe. Naomba kuelewa kitu kimoja tu. Binti aliuliza, kisha weye ukajibu? Ao weye ulijibu, kisha binti akauliza?"

Mtu aliyejua majibu yote ya Jumapili zote, kwa ulizo moja la mfugaji sikuwa na jibu! Ningekiri hapo ningepona nusu. Badala yake nikakumbuka ukurasa ulioshonwa, na shetani akaninong'oneza kwamba gazeti lenyewe litanitetea.

"Papa, kata uzi!" nikapaza sauti. "Tubishane ya nini? Gazeti iseme!"

Papa akakata uzi kwa wembe, akafungua ukurasa, akautazama, akautazama ubao. Uso wake ukachanganyika. "Ni kweli," akasema. "Âne. Oeuf. Savon. Yote iko sawasawa."

"Mnaona!" nikaruka. Niliruka kweli, miguu yote miwili. "Mnaona sasa! Gazeti imekosea maulizo! Minye nimejibu sawa na gazeti!" Mama akaanza tena vigelegele, lakini vilifika katikati vikasimama, maana Rusi alikuwa amechukua ukurasa kwa baba yake na kuugeuza akasoma juu kabisa, pale penye tarehe, mahali ambapo minye, karani, sikuwa nimepatazama.

"Papa, hii ni gazeti ya Alhamisi," akasema. "Fumbo ya kwenye ubao ni ya Jumatatu. Hii ni majibu ya Jumatano." Akanigeukia. "Gazeti ya Jumatano haikufika. Hatujaiona hata mumoja wetu. Weye fumbo yake uliijibia wapi?"

Ndipo nikakumbuka, kama mtu anayekumbuka mlango akiwa tayari ameibiwa, kwamba gazeti lile lilikuwa na maumbo mawili tu ya vijumba yakipokezana, leo hili, kesho lile, hivyo Jumatatu na Jumatano ni mapacha. Nikamkumbuka na dereva, na vijana wa Kiringye wanaovuta Jumanne na Jumatano yangu kwa raha zao. Nikatazama mlango. Ulikuwa umejaa watu.

Rusi akafuta ubao. Akachukua chaki yangu mkononi mwangu, hakuninyang'anya, aliichukua tu, akasoma ulizo la kwanza, akajibu, la pili, akajibu, akaendelea mpaka mwisho, peke yake, na mara mbili alikosea akafuta kwa kidole akaandika tena. Watu hawakupiga makofi. Walikuwa wanamtazama tu midomo wazi.

Alipomaliza alipita karibu yangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Minye nilijua zamani. Siku ile gazeti ilikosa herufi mu majibu, na weye ukaandika na kosa yake. Nilinyamaza. Nilikuwa nangojea Jumapili moja tu uache kijumba kitupu."

Hilo ndilo lililoniuma, si kicheko. Kicheko kinazoeleka.

"Nimeelewa muchezo," akasema Mzee Yakobo, akainuka kwa kushika fimbo. Hakusema hapana, hakuwa na haja. Wazee wakatoka. Kabla sijafika nyumbani watoto wa njiani walikuwa wamekwisha kuimba "Alhamisi! Alhamisi!", na baadaye waasi walipoingia mjini, siku ambazo kila mtu alikuwa anaficha jina lake, langu lilikuwa linanitangulia. Kwenye kizuizi kimoja kijana mwenye mkuki alinishika bega, akauliza ni nani huyu, mtu nyuma yangu akajibu "ni Alhamisi", wakacheka pamoja, nikaachiliwa. Basi hata aibu ina karatasi zake za kusafiria.

Tulikimbia, wengine Burundi, wengine milimani, na tuliporudi Rusi aliolewa. Aliolewa na Byamungu, yule wa vijumba vitupu, na ninyi mnajua kwamba haikunishangaza, ila iliniuma hivyo hivyo. Siku hizi ninajaza mo kwaze peke yangu, maulizo kwanza, ninabakiza mashimo kama meno ya mtoto, na ukurasa wa majibu ninaushona na sikati uzi, nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya sindano.

Kwenye arusi yao, kule Lemera, nilikwenda, nisingekwenda wangesema. Nikatafuta kona. Mzee Yakobo akaniona toka mbali, akaja taratibu na fimbo yake, akaketi karibu yangu, akaniletea kikombe cha maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Tukanywa mpaka tone la mwisho. Kisha akauliza, "Karani, leo ni siku gani?"

"Leo ni Jumamosi, Mzee."

"Aksanti, mwanangu," akasema. "Aksanti kwa kungojea niulize."