Oil ya Baba

Gari lile nililinunua likiwa limeshatumika Uingereza, na siku nilipolifikisha Kwedizinga kwa mara ya kwanza baba alilizunguka mara mbili kabla ya kuitikia shikamoo yangu. Alikuwa ameendesha trekta kwenye shamba la mkonge kule Mnyuzi karibu maisha yake yote ya kazi, na dereva wa trekta wa zamani huamini kwamba injini yoyote duniani ni mtoto wake. Akaniambia nifungue boneti. Nikafungua. Akainama, akatazama, akaniuliza injini iko wapi.

Sikumlaumu. Ilikuwa injini ya lita moja tu, silinda tatu, imefunikwa plastiki nyeusi kama sufuria la pilau. Nikaanza kumweleza utadhani mimi ndiye muuzaji. Udogo usikudanganye, baba, kuna tabo inayoisukumia hewa mpaka inapata nguvu za injini kubwa. Chini ya kiti kuna betri ya pili, ya volti arobaini na nane, na pembeni ya injini kuna mota ndogo iliyofungwa kwa mkanda. Mota hiyo huisaidia injini gari linapoondoka, na ukikanyaga breki inageuka kuchaji betri. Haliendi kwa umeme peke yake, nikamalizia, umeme unaipa petroli msaada tu. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hiyo lita moja ni ya injini au ya chai. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Siku hiyo hiyo tukaenda naye Handeni mjini. Kwenye kizuizi cha barabarani injini ikajizima yenyewe, kama ilivyoundwa kufanya ili kuokoa mafuta. Kabla sijafungua mdomo baba alikuwa ameshashuka, ameshaita wanaume wawili, na wote watatu wameegemea buti tayari kusukuma. Nilipoachia breki gari likawaka na kuondoka, wakabaki wameshika hewa. Alirudi kwenye kiti amenuna, hanitazami kwa aibu, na tangu hapo tabia ile akaiita kusinzia. Hata shangazi yangu, dada yake wa pekee aliyebaki Mnyuzi, alifundishwa kwamba gari la mtoto huwa linasinzia.

Mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee. Kwetu baba akifa mwanawe hushuka kaburini kumpokea, na tulipomzika babu nilimwona baba akishuka mwenyewe na kutoka na udongo hadi kwenye kope. Alijipangusa, akaniambia mbele ya watu, "Siku yangu ikifika, kichwani ushike wewe." Nilikuwa kijana. Niliitikia kama mtu anavyoitikia jambo lililo mbali.

Sasa hii oil. Jumamosi moja nilikuwa nimelala nyumbani kwa wazazi, asubuhi nikatoka kwenda gengeni, niliporudi nikamkuta baba chini ya gari. Ametandika gunia, amevaa lile ovaroli lake la shambani, na beseni la mama la kufulia limejaa oil yangu yote. Pembeni kulikuwa na galoni jipya la oil nzito, namba arobaini, ile aliyozoea kuitia kwenye trekta. Alikuwa ameifuata mwenyewe Handeni mjini, kimya kimya, apate kunishangaza.

"Walikuwekea maji," akasema, akinionyesha beseni. "Mimi nimekutilia oil. Hii itakufikisha nyumbani hata siku ya shida."

Kitabu cha gari nilikuwa nimekisoma chote, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma vitabu vya vitu. Injini ile inataka oil nyepesi, ya aina yake peke yake. Mkanda wake wa taiming, ule unaopanga mwendo wa injini, ni wa mpira, nao umewekwa ndani ya injini, unazunguka huku umelowa oil. Ukitia oil isiyo yake, mpira unaanza kuliwa, unamenyeka vipande vipande, na vipande hivyo vinakwenda kuziba chujio la chini. Chujio likiziba, oil haipandi, na wa kwanza kufa ni tabo, maana ndiyo inayozunguka kwa kasi kuliko kitu chochote humo ndani. Haya yote niliyajua nikiwa nimesimama pale na nyanya zangu mkononi.

Lakini ningemwambia nini? Mzee wa watu amejipaka grisi hadi viwikoni, anatabasamu, magoti yanamuuma na bado amelala chini kwa ajili yangu. Nikasema, "Asante, baba." Moyoni nikapanga kuimwaga kesho yake nikifika Korogwe, ninakoishi na kufanyia kazi.

Kesho ikawa keshokutwa. Kila Ijumaa baba akitoka msikitini alikuwa akinipigia simu, na baada ya habari za wajukuu swali lilikuwa moja: "Oil yangu ipo?" Nami namjibu, "Ipo, baba." Ilikuwepo kweli. Ningeimwaga, Ijumaa inayofuata ningemdanganya baba yangu mzazi akiwa ametoka kuswali, na hilo sikuliweza. Upumbavu wangu ndio huo, sina jina jingine la kuupa. Miezi saba nikaendesha gari huku najua linaliwa tumboni.

Dalili zilianza moja moja. Taa ya injini ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Kwenye vilima gari likawa zito, mluzi wa tabo ukageuka kuwa mlio wa kukwaruza. Fundi wangu wa Korogwe akachomeka mashine yake ya kupimia, akasoma, akaniambia presha ya oil inashuka na niliache gari hapo hapo aimwage oil ile. Nikamwambia nitalileta Jumatatu. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Alhamisi, jua halijachomoza vizuri, mama akapiga simu. Baba alikuwa ameinuka kutia udhu, akaanguka pale pale penye birika. Hakuamka tena. Mazishi yalipangwa baada ya swala ya adhuhuri, kwa sababu hakuna cha kusubiri, watoto wake wa kike wote wako karibu, nami nipo Korogwe tu.

Nilirudi nyuma hadi Mnyuzi kumchukua shangazi. Miguu yake imevimba miaka mingi, kupanda pikipiki hawezi, na alitaka amwone kaka yake uso kabla hajafunikwa. Tukageuka, tukashika lami ya Handeni, muda ulikuwa unatosha kabisa. Gari lilipanda vilima likilalamika. Nililisemesha njia nzima, nikiliomba kama mtu anavyomwomba mjomba mkali. Tukaacha lami, tukaingia barabara ya vumbi, na kwenye kimlima cha kwanza ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oil ikawaka. Injini ikagonga mara tatu, ikanyamaza.

"Limesinzia?" shangazi akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

Aliniamini, akaendelea kuvuta tasbihi yake. Mimi nikashuka, nikafungua boneti, nikaitazama ile plastiki nyeusi. Hakuna kitu unaweza kukifanya kwenye injini ya namna ile ukiwa porini. Huwezi kusukuma, huwezi kupuliza bomba, huwezi kufunga waya. Nikafunga boneti na kufungua tena, nikijikaza kisabuni, mpaka shangazi akajua mwenyewe kwamba hakuna usingizi hapo.

Nikampigia baba mdogo, ndugu yake baba aliyekuwa akisimamia mazishi. Akasema watanisubiri hadi alasiri, na atatuma trekta la jirani lituchukue, kwa kuwa gari pekee la kijijini lilikuwa limefuata mbao Handeni. Nikakaa chini ya jua kuhesabu dakika. Ikapita pikipiki moja, ikasimama. Kijana akasema anaweza kunifikisha kwa nusu saa.

"Nenda," shangazi akaniambia. "Nenda ukamshike baba yako. Mimi nitakaa humu."

Nikapanda. Tulikwenda kama hatua mia mbili, nikageuza shingo. Shangazi alikuwa amefungua mlango, ameteremsha ile miguu yake nje, peke yake kwenye barabara ile tupu, na kitambaa chake amekishika usoni. Ni dada yake baba. Ningemweleza nini baba kule chini, kwamba dada yako nimemwacha vichakani? Nikamwambia kijana anirudishe. Shangazi alisogea nikae karibu naye, na tukalia wote wawili.

Trekta lilifika saa tisa na robo. Lilikuwa la zamani, lile lile ambalo baba alikuwa akilitengeneza kila msimu wa kulima, likinguruma bila wasiwasi na oil yake namba arobaini. Tulimpandisha shangazi kwenye tela juu ya magunia, tukalifunga gari langu nyuma kwa mnyororo, tukaenda mwendo wa ng'ombe. Wingu lilikuwa limefunga. Baba mdogo akapiga simu tukiwa bado mbali, sauti yake imekatika. Akasema, "Tumesubiri, mwanangu. Mvua inashuka, kaburi litajaa maji. Utatusamehe."

Nikasema sawa.

Nilipofika makaburini watu walikuwa wananawa mikono, madumu yanapita kutoka kwa mtu hadi mtu. Udongo ulikuwa umeshapandishwa na kumwagiwa maji. Baba mdogo akanikumbatia, na kanzu yake ilikuwa na udongo kifuani na mabegani. Udongo ule ulikuwa wangu mimi. Niliutazama tu, sikuthubutu hata kuugusa, mvua ikauondoa mbele ya macho yangu.

Fundi alifungua injini wiki mbili baadaye. Akanionyesha chujio limejaa ugoro mweusi wa mpira, tabo imekauka na mhimili wake umeungua, mkanda umebaki nyuzi nyuzi. Akauliza, kwa hasira kabisa, ni nani aliyetia oil ile. Nikamwambia ni mimi.

Mama alikuwa bado ndani ya eda nilipokwenda kumsalimia. Alinimiminia chai, akaniuliza watoto, akauliza gari limepona. Nikamwambia joto lilizidi siku ile. Akatikisa kichwa, akawa anapangusa pangusa ukingo wa kikombe.

"Baba yako alikuwa akiisema sana ile oil aliyokutilia," akasema. "Kila mgeni lazima asimuliwe. Ilikusaidia lakini, au ilikuwa maneno yake tu?"

"Ilinisaidia sana, mama."

"Basi alhamdulillahi," akasema, na uso wake ukalegea kidogo, akanisogezea sahani ya mihogo.