Sala Iliyomaliza Nguvu za Nsimire

Nikimwona Maman Aline njiani huwa nainama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, na aibu yenyewe nawasimulia ninyi leo kwa sababu mngeisikia tu kwa wengine. (Maman Aline ni kine, yule anayewafanyisha mazoezi watoto waliomaliza dawa za kansa, maana dawa zile zinafukuza ugonjwa na kuondoka na nguvu za miguu.) Mjukuu wangu Nsimire alikuwa mmoja wao, na asubuhi ya aibu hiyo angepimwa: akipanda ngazi za jengo la mazoezi bila kushikwa, atarudi shuleni, kwa kuwa shule yake iko juu ya mlima na haifikiwi ila kwa miguu. Sare alikuwa ameipiga pasi mwenyewe, akiwa ameketi.

Maman Aline akaniambia, "Papa katekista, utufungulie na kasala kadogo."

Ningesema Baba Yetu tukaendelea. Lakini kulikuwa na wageni, na wazazi waliotoka mpaka Shabunda, nami nimezoea kuongoza jumuiya, basi nikasema, "Watoto, mbele ya Mungu tunasimama." Wakasimama, nikafumba macho, nikashukuru kwa dawa na kwa wauguzi, nikamwombea askofu, wachimba dhahabu, wavuvi wa Idjwi, amani ya nchi (na amani ya nchi yetu, mnajua, haiombwi kwa ufupi), nikasikia kishindo kama mfuko umewekwa chini, halafu kingine, nikadhani ni Roho anawagusa watu, nikapandisha sauti.

"Papa," Maman Aline akaninong'oneza, "watoto wanaanguka."

Nikafumbua macho. Walikuwa chini kwenye mikeka, mama mmoja anacheka ndani ya kitenge chake, mwingine anafuta machozi. Nsimire peke yake alikuwa bado amesimama, magoti yanatetemeka, jasho limejaa kwenye kichwa kile kilichoanza kuota nywele, kwa sababu hakutaka mjukuu wa katekista aonekane ameketi. Nikasema "Amina" upesi, na hapo hapo naye akaenda chini.

Ngazi hakuzipanda. Aliweka mguu kwenye ile ya kwanza, mguu ukakataa.

"Tutajaribu tena muhula ujao, Papa," akasema Maman Aline kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma.

Nikambeba mgongoni kurudi nyumbani kwetu mlimani, mwepesi kama mfuko mtupu. Katikati ya mlima akaniita kama wajukuu wa kwetu wanavyomwita babu, bila hasira, "Koko, uliombea mpaka watu ya mitumbwi ya Idjwi. Miye haukunitaja."

Ilikuwa kweli.

Tangu hapo, wakiniomba sala pale, kwanza nawaketisha watoto, nataja jina la Nsimire na majina ya wenzake, nanyamaza. Yaliyobaki namwambia Mungu tukipanda mlima baada ya mazoezi, Nsimire akiwa amechoka mgongoni mwangu, nami nashukuru kwamba siku hizi ni mzito.